Sifa za Akaunti ya Mtoto

Akaunti ya mtoto kwenye mashine ya gemu haijawahi kupata mtu wa kuisema vizuri. Wazazi huilaani, watoto huililia. Acha mimi niisifu, maana nyumbani kwangu hakuna kilichotukalisha pamoja muda mrefu kama yenyewe, hata sikukuu.

Ukoo wake ni wa heshima. Sheria ya Marekani ya 1998 inazitaka kampuni za mtandaoni zipate kibali cha mzazi, tena kinachothibitishika, kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Washington walikuwa wakilinda faragha ya watoto wao. Dar es Salaam sheria hiyo imetufikia na baraka za ziada.

Jiografia, kwa mfano. Kwenye orodha ya nchi Tanzania haimo, Kenya haimo, basi fundi wa dukani anakushauri uweke Uingereza.

"Baba, kwani tumehama?"

"Kwa muda tu, mwanangu."

Mashine haijui mambo ya muda. Inataka kadi ya benki ikatwe senti kidogo, ijiridhishe kuwa mzazi ni mtu mzima. Mvi ninazo, madeni ninayo, watoto ndio hawa, havitoshi. Na kadi ya Dar inakataliwa, maana mwenye kadi si anaishi Uingereza?

Ninachokipenda zaidi ni kibodi. Iko kwenye televisheni, na herufi unazifuata moja moja kwa kijiti cha padi. Imeli ya mwanangu ina jina la babu yake, na mzee yule hajawahi kutajwa taratibu namna ile. Alama ya @ imejificha ukurasa wa pili. Neno la siri linataka herufi kubwa, tarakimu na alama, nalo linaonekana nukta tupu; ukikosea moja unaanza upya, na sebule nzima inaguna.

Imeli yenyewe, kwa kuwa ni ya mtoto, nayo inataka kibali cha mzazi. Kibali kinatumwa kwenye imeli ya mzazi, ambayo nayo imeanza kunishuku, inaleta namba ya uthibitisho kwenye simu. Ikifika, muda wake umepita.

Mtoto wa jirani yuko darasa la tatu, ila kwenye mashine yao alizaliwa 1980. Haulizwi kitu, anapiga watu risasi mpaka adhana ya alfajiri. Baba yake alimaliza kujaza kabla chai haijapoa. Namwonea huruma, amekosa haya yote.

Na akaunti ikikamilika haikutupi. Mtoto akifungua gemu ya mpira, anaambiwa aombe ruhusa. Tumekaa kochi moja. Namwambia ndiyo, ananijibu ndiyo ya mdomo haihesabiki. Ombi linakwenda ng'ambo, linarudi kwenye simu yangu, na simu imeishiwa bando. Nanunua bando, namruhusu mtoto aliye ubavuni mwangu. Mdogo wake ametazama yote hayo, naye anataka akaunti yake.