Ukitaka Kupeleka Kikosi Kwenye Theluji

Kwanza kabisa, tafuta jina, na ukubali kwamba litakuwa refu. Kikosi nitakachokufundishia kiliitwa Carignan-Salières, na jina hilo limebeba mabwana wawili. Mmoja ni mwanamfalme wa Carignan, wa ukoo wa Savoy, aliyekiunda kule Piedmont mwaka 1644. Wa pili ni Henri de Chastelard de Salières, aliyekuwa kanali baada ya vikosi viwili kuunganishwa mwishoni mwa miaka ya 1650. Ufaransa ya wakati huo, kikosi kilinunuliwa na kuuzwa kama shamba, na mara nyingi kiliitwa kwa jina la mwenyewe.

Ukishapata jina la kikosi, wape majina askari wako. Kombania ya watu 50 ina akina Jean, Pierre na Jacques wa kutosha kukupasua kichwa wakati wa kuita orodha. Kwa hiyo kila anayejiunga apewe jina la vitani. Huyu awe Lafleur, yaani Ua. Yule Sanssouci, Hana Wasiwasi. Aliyetoka Anjou awe Langevin, na mwenye maneno makubwa aitwe Tranchemontagne, Mkata Mlima. Lifanye jambo hili kwa makini kuliko unavyokagua magobori, na nitakwambia sababu.

Sasa ngoja mfalme akutume. Louis XIV alikituma kikosi hiki Kanada mwaka 1665, kupigana na Wamohawk, taifa mojawapo la muungano wa Iroquois, waliokuwa wakiwashambulia walowezi wa Kifaransa kando ya mto Saint Lawrence. Kombania 20 zilitoka Ufaransa, na meli ya kwanza ikatia nanga Quebec tarehe 19 Juni. Nyingine nne zilifika na mkuu wao, Marquis de Tracy, kutoka Karibi. Jumla walikuwa kama askari 1,200. Sensa ya mwaka uliofuata ilihesabu walowezi 3,215 katika koloni zima. Piga hesabu ya mgeni wa namna hiyo mlangoni kwako, na majira ya baridi yako njiani.

Jenga ngome kando ya mto Richelieu, maana ndiyo njia ya adui. Hapo Wafaransa hawakukosea.

Sasa tufike kwenye somo lenyewe: usiondoke Januari. Nasema tena, usiondoke Januari! Gavana Daniel de Rémy de Courcelle aliondoka Quebec Januari 1666 kwenda kuwashambulia Wamohawk, na jeshi la watu kama 500, askari na walowezi. Salières aliwaona askari wake kabla hawajaondoka na akaandika kwa uchungu alichokiona: hawana viatu vya theluji, mashoka machache, blanketi moja moja. Viatu hivyo ni fremu ya mti iliyosukwa kwa kamba za ngozi, unaifunga chini ya mguu ili usizame. Askari kutoka Ufaransa hakuwahi kuvivaa, na asiyejua kuvitembelea huanguka navyo. Kila mtu, gavana akiwa mmoja wao, alibeba mgongoni ratili 25 hadi 30 za biskuti na vyakula vingine. Siku ya tatu tu wengi walikuwa wameshaganda pua, masikio, vidole na magoti.

Halafu, mngoje mwenyeji. Waongoza njia wa Kialgonquin walichelewa, Courcelle akaondoka bila wao, na jeshi likapotea. Likazunguka porini hadi likatokeza karibu na Schenectady, kijiji cha Waholanzi, mbali na vijiji vya Wamohawk. Hapo Wafaransa wakajulishwa kwamba nchi ile sasa ni ya Waingereza. Baada ya mapigano mafupi na Wamohawk walinunua chakula kwa Waholanzi, wakageuka kurudi. Zaidi ya watu 60 walikufa kwa njaa na baridi. Kila nikisoma habari hii nawafikiria hao kina Lafleur, watoto wa wakulima, wanalala chini kwenye theluji nchi wasiyoijua, kwa sababu mkubwa mmoja hakutaka kungoja.

Baadaye mwaka huo Tracy, mzee wa zaidi ya miaka 60, alikwenda mwenyewe, Septemba, na watu kama 1,300, wakiwemo wenyeji waliojua njia. Vijiji vya Wamohawk vilikuwa vitupu, watu wameshakimbia. Wafaransa wakachoma nyumba, mashamba na maghala. Yalikuwa mahindi, maharage na maboga, mazao yale yale tunayoyachanganya sisi katika shamba moja. Anayelima mahindi anajua maana ya ghala kuungua Oktoba, kabla ya baridi. Amani ilipatikana Julai 1667, na haikutokana na ushujaa wa bunduki. Sikushauri uige hatua hii, na sitaki mtu anayesimulia kikosi hiki airuke.

Hatua ya mwisho ni kurudi nyumbani, au kutorudi. Mwaka 1668 kikosi kiliitwa Ufaransa, Salières akarudi nacho, lakini watu kama 400 walibaki wakapewa ardhi. Wengi wao wakaoa wanawake waliotumwa na mfalme, karibu 800 kati ya 1663 na 1673. Makapteni Pierre de Saurel na Jacques de Chambly walipewa ardhi kuzunguka ngome walizojenga.

Hii ndiyo sababu nilikuhimiza uyashughulikie majina. Chambly leo ni mji. Ngome ya Saurel ni mji pia, Sorel-Tracy, jina la kapteni na la mkuu wake. Na yale ya kombania, yaliyotolewa ili orodha isichanganye, wajukuu waliyachukua yakawa ya ukoo. Fika Quebec, muulize mtu dukani anaitwa nani. Huenda akakujibu: Lafleur.