Sifa za Redio Inayong'ata

Malenga wetu wameshasifu jahazi, mnazi, karafuu, mke mwema na timu zote mbili za Kariakoo. Redio ya valvu wameiruka, na siwalaumu, maana ni vigumu kumtungia sifa aliyewahi kukurusha ukutani. Lakini haki ni haki. Leo nimesimama kulitetea lile sanduku la mbao lenye kitambaa mbele na vioo ndani, lililokaa sebuleni katika nyumba za Kariakoo, Ilala na Kisutu miaka ya 1950 na 1960, likila umeme, siku nyingine likitoa moshi, na likiheshimiwa kuliko babu mwenye nyumba.

Nianze na uvivu wake, kwa kuwa ndiyo sifa inayokupokea mlangoni. Unawasha swichi, kimya. Kioo cha stesheni kinatoa mwanga wa njano, basi. Ndani ya kila valvu kuna waya mwembamba ambao lazima uive kwanza, uipashe moto katodi, ndipo elektroni zianze kuchomoka na kuvuka ombwe kuifuata anodi. Njia hiyo aliionyesha Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaweka wavu katikati, wa kuamua elektroni ngapi zipite, na hapo ndipo sauti ndogo ilipojifunza kuwa kubwa. Kuiva huko huchukua karibu nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo mtoto aliitwa kutoka barazani, mama alikaa akatengeneza kanga yake, mzee alikohoa kikohozi chake cha mwisho, na jirani aliyekuja kuomba chumvi aliisahau chumvi. Hakuna aliyesikia taarifa ya habari kwa ajali. Simu yako hukutupia msiba wa watu hujafuta tongotongo.

Halafu joto. Sijawahi kusikia mkazi wa Dar es Salaam akilalamika kwamba joto halitoshi, ila kama yupo, redio hii ilimtosheleza. Redio ya kawaida ya mezani ilikula wati 40 au 50, na sehemu kubwa ya umeme huo haikwenda kwenye muziki, ilikwenda kukaanga hewa ya chumba. Paka alilijua hilo. Mjusi alilijua zaidi, akahamia ndani na familia yake, na mara mojamoja akaziunganisha kwa mwili wake nyaya mbili ambazo mhandisi wa Ulaya alizitenga kwa makusudi. Lakini oneni hekima ya chombo: joto lile ndilo lililokuwa dawa yake. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Hupenya kwenye kondensa za karatasi na kwenye koili za transfoma, ikazila polepole. Redio iliyowashwa kila jioni ilijikausha yenyewe. Iliyokufa mapema ni ile iliyopendwa mno, ikafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, matundu ya nyuma yakazibwa, na ikawa inawashwa Idi hadi Idi.

Kuhusu kung'ata, mji huu umezoea kuumizwa kwa sababu ya redio. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Astraea, ilitupigia mizinga kwa ajili ya mnara wa redio wa Wajerumani. Redio ya sebuleni haikuwa na makuu hayo. Ilichukua umeme wa ukutani, ikaugeuza, ikaufikisha volti 250 na zaidi, ikauweka akiba kwenye kondensa. Ukichomoa plagi ukidhani mmemalizana, volti zile bado zinakusubiri. Ndiyo maana mafundi walikuwa na kanuni yao: mkono mmoja kazini, wa pili mfukoni, umeme usije ukapata njia ya kukatiza kifuani. Zilikuwepo pia za bei nafuu, zisizo na transfoma, ambazo bati lake la ndani liliungwa na waya wa ukutani moja kwa moja. Ukikosea kuunga nyaya za plagi, hata skrubu ndogo ya nje ilikuwa na moto. Mzazi hakuwa na haja ya kumfokea mtoto asiichezee redio. Ilimfokea yenyewe, mara moja tu, na somo likakaa mpaka uzeeni. Nioneshe mtaala wa shule wenye matokeo ya namna hiyo.

Uzito nao ni sifa. Kariakoo, eneo lililokuwa kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, redio isiyobebeka na mtu mmoja ilikuwa imefika kwao. Kibaka wa Msimbazi, ambaye leo anakuchukulia simu mkononi katikati ya sentensi, alilitazama sanduku lile dirishani akakata tamaa. Na hizo zilikuwa ndogo. Waliojiingiza katika mawasiliano ya redio kwa mapenzi walitafuta mitambo kama AR88 ya kampuni ya RCA, iliyotumika sana katika Vita Kuu ya Pili: valvu 14, uzito zaidi ya kilo 40. Kununua mtambo ule ni kama kuoa. Hautoki ndani ya nyumba bila wazee kukaa kikao.

Sasa tufike kwenye kelele, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo utukufu wenyewe ulipo. Jua likizama, lile tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hufifia, na mawimbi ya masafa mafupi hugonga tabaka la juu zaidi, kilomita mia kadhaa kutoka ardhini, yakarudi chini nchi za mbali. Kwa hiyo baada ya magharibi dunia nzima iliingia kwa pamoja katika sanduku moja la Mtaa wa Swahili au Sikukuu: miluzi, radi, mwimbaji wa Bombay, mhubiri asiyejulikana wa wapi. Kairo ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1954, ikiwasema wakoloni bila haya. London ikaanza yake tarehe 27 Juni 1957. Nyumbani kulikuwa na Sauti ya Dar es Salaam tangu 1951, iliyogeuka Tanganyika Broadcasting Corporation (TBC) mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kioo cha stesheni, kwa upande wake, kiliandikwa Hilversum, Beromünster, Luxembourg, stesheni za masafa ya kati ambazo Kariakoo isingezipata hata kwa kisomo. Mtoto wa Gerezani akaijua Hilversum kabla ya Singida.

Katika maneno kumi ya mtangazaji yalifika sita. Manne yaliyobaki yalijazwa na wasikilizaji, kila nyumba kwa busara yake. Kesho yake kwenye kahawa na kashata, habari moja ya Kairo ilikuwa na matoleo kama manne, na kila toleo lilikuwa na mashahidi. Watu wanauliza siasa ya mji huu ilikomaa wapi. Wengine watataja kumbi na mikutano ya Mnazi Mmoja, na wana haki yao, ila mimi naipa valvu iliyochoka sehemu yake. Habari iliyosikika vizuri mno haina cha kujadiliwa. Hata wataalamu walipita njia hiyohiyo: mwaka 1942 Waingereza waliwahamishia Kilindini, Mombasa, wavunja siri wao waliotoka Colombo, wakawaweka katika shule ya Allidina Visram wawasikilize Wajapani. Usikivu ulikuwa hafifu, na mwaka uleule wakauvunja msimbo wa meli za biashara za Wajapani, JN-40.

Kuna siku moja tu ambayo kelele ilitunyima msaada. Januari 1964, katika Mapinduzi ya Zanzibar, John Okello, aliyejipa cheo cha Field Marshal, alipoanza kutangaza vitisho na adhabu zake kwenye redio ya Unguja, kisiwa kilikuwa karibu mno kwa mawimbi kupotea njiani. Mluzi mmoja mrefu siku ile ungekuwa rehema.

Wapo waliotaka si kusikia tu bali kujibu. Hao ni watu wa redio ya ridhaa, wenye alama zao za kuitana: VQ3 kwa Tanganyika, VQ1 kwa Zanzibar, na baada ya uhuru 5H kwa mtambulisho wa nchi. Zama za mkoloni kiti hicho kilikaliwa zaidi na Wazungu; mkazi wa kawaida wa Kariakoo alikaa upande wa kusikiliza na kutengeneza. Ninachowahusudu ni sheria yao. Kanuni za kimataifa za redio ziliwataka wazungumze habari za majaribio ya mitambo, au mambo binafsi yasiyo na umuhimu wa kutosha kupelekwa kwa simu ya kulipia. Someni tena. Sheria ya dunia, iliyotiwa saini na serikali, ikimlinda mtu azungumze ya ovyo na mwenzake wa Brazil usiku wa manane, mradi yawe ya ovyo kweli. Vijiwe vya kahawa vya mji huu havijawahi kupata ulinzi wa namna hiyo. Nao wakaitii kwa moyo wote: waliambiana hali ya hewa, urefu wa antena na jina la valvu, kisha wakatumiana kadi kwa posta kuthibitisha kwamba ni kweli waliambiana hali ya hewa, urefu wa antena na jina la valvu.

Mkongwe wa mambo haya ukimkuta leo, tenga mchana mzima. Ukimuuliza saa ngapi atakueleza EL84 inatofautiana vipi na 6V6. Fundi redio wa zamani ni nduguye: anatambua ugonjwa kwa pua kabla ya kushika kipimo, kwa kuwa transfoma inayoungua ina harufu yake na kondensa iliyopasuka ina yake, na tiba yake ya kwanza ni kofi la pembeni mwa sanduku. Kofi hilo si ujinga. Miguu ya valvu hushika kutu kwenye soketi, na mtikisiko huirudisha mahali pake.

Transista, iliyozaliwa Marekani Desemba 1947, ilikuja ikiwa na kila fadhila: nyepesi, baridi, haing'ati, inawaka papo hapo, inakwenda shambani na mkulima. Miaka ya 1960 Wajapani wa Matsushita wakafungua kiwanda hapahapa Dar, redio na betri za National zikaenea. Kwa hiyo haina la kutungiwa sifa.

Valvu imebaki na wapenzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wapiga gitaa wa dunia, ambao kwa ajili yao valvu bado zinatengenezwa Urusi na Slovakia, kwa sababu amplifaya ya valvu ikizidiwa hukwaruza kwa utamu. Asiye na uwezo wa kuinunua hununua programu ya kompyuta inayoiga mkwaruzo huo. Wa pili ni matapeli. Mwaka 2009 uvumi ulipandisha bei ya cherehani kuukuu za Singer kule Saudi Arabia, kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu ya thamani ya ajabu, na uvumi wa aina hiyo umeziandama pia redio na televisheni za zamani. Sisi tuliolelewa na hadithi za hazina za Mjerumani si wagumu kushawishika. Lile doa la rangi ya fedha kwenye kioo cha valvu ni bariamu, imewekwa kunasa hewa iliyosalia ndani. Likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Zebaki nyekundu haipo humo, wala mahali pengine popote.

Kwa hiyo, msomaji, kama chini ya kitanda cha bibi yako kuna sanduku la namna hii, mwenye kuulizia zebaki mfungulie mlango wa kutokea. Nawe usiichomeke redio ukutani kwa pupa. Kondensa zake zimekauka kwa miongo. Mtafute fundi mzee aiunge kwa kupitishia umeme kwenye taa ya wati 60, ile ya zamani yenye waya ndani, maana hizi za LED hazifai kwa kazi hiyo. Taa ikiwaka kwa nguvu na isififie, chomoeni. Ikiwaka kisha ikafifia, vuteni viti, mwite na jirani.