Datsun Yangu na Maksai Wanne

Aliyenitia katika balaa hii hakuwa adui wala hasidi, bali jina la gari. Tangu utotoni nilikuwa nikisikia habari za Datsun 240Z, iliyotwaa ushindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 chini ya usukani wa Edgar Herrmann, ikaurudia mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Basi nilipoikuta moja ikiuzwa Mwanza, wekundu wake umekwisha kupauka, nilitoa akiba yangu yote nikaileta Lalago, ambako wakati ule tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na ambako gari lililostahiwa ni lori la pamba.

Laiti ningeridhika nayo kama ilivyokuwa! Lakini injini yake ya lita 2.4 ilikuwa ikinywa oili kwa uroho, na fundi wangu, mtu wa maarifa mengi na vipuri vichache, akaninong'oneza: "Mwalimu, hii na ile ya lita 2.8 ya Nissan Patrol ya petroli ni watoto wa baba mmoja. Moja ikitoka, nyingine huingia." Alisema kweli tupu. Tulipata Patrol bovu lililokuwa makazi ya kuku, tukawahamisha wenyewe kwa heshima zote, na injini ikaingia mahali pake kama jambia katika ala.

Sasa ikakimbia, kusimama ndiko kulikokuwa kwa majaliwa. Fundi, ambaye kila msiba kwake ni fursa, akaleta kalipa za Toyota Hilux, zile za pistoni nne za miaka ya themanini, ambazo, ajabu ya Mungu, hufungika kwenye Datsun kwa bolti zake zile zile. Jambo alilosahau kunieleza ni kwamba pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi ya breki kuliko pampu ya zamani ilivyozoea kutoa. Kwa hiyo nilipokanyaga pedeli kwa mara ya kwanza, ilishuka taratibu hadi sakafuni kama mtu anayesujudu, nasi tukasimama ndani ya lundo la pamba la jirani, ambalo, alhamdulillahi, lilikuwa bado halijapelekwa mizani. Mke wa jirani alitoka, akatazama pua ya gari ilivyozama katika weupe ule, akauliza kwa upole: "Shikamoo Mwalimu. Umekuja kununua au kuuza?"

Mwenye akili angekomea hapo. Mimi, kwa ghururi iliyonijaa, nilitamani gari litulie kwenye kona, nikaamuru springi zikatwe kwa msumeno wa chuma, na yale magurudumu yake ya asili yakang'olewa ili kupisha mapana zaidi. Nilijua fika kwamba walioshinda Safari waliyainua magari yao, hawakuyashusha. Lakini maarifa ni kitu kimoja na shauku ni kitu kingine. Kwa siku tisa lilitambaa kwa fahari, limelala chini kama kenge, na watoto walilikimbilia wakishangilia.

Siku ya kumi mvua ilinyesha. Asiyeujua udongo wetu mweusi wa mbuga na afahamishwe kwamba wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na ukilowa hung'ang'ania gurudumu kama mdai. Njiani kuelekea Maswa, tumbo la gari lililala juu ya tope, magurudumu yakawa yanazunguka hewani bila kazi, na injini ya lita 2.8 ikanguruma kwa nguvu zote ilizojaaliwa, pasipo kusogea hata shubiri moja. Ndipo akatokea mzee mmoja na maksai wanne waliotoka kulima. Alizunguka gari, akalikagua juu na chini, kisha akasema: "Mwalimu, zima hiyo sauti. Itawatisha ng'ombe."

Nikazima. Tukaingia Lalago kwa mwendo wa maksai, mimi nikishika usukani kwa adabu, na kwa insafu nakiri kwamba siku hiyo lilikata kona zote kwa utulivu.

Mzee alikataa fedha. Alitaka yale magurudumu ya zamani niliyoyang'oa, nikampa mawili. Mpaka leo mkokoteni wake hupita mbele ya nyumba yangu kila siku ya mnada, ukiwa juu ya magurudumu ya Datsun 240Z, ilhali Datsun yenyewe iko chini ya mwembe, na kuku wamekwisha kurudi.