Barua kwa Wakuu wa Barabara, Maji, Umeme na Intaneti

KUH: SHUKRANI KWA KUTUCHIMBIA

Waheshimiwa,

Sisi wakazi wa Makadara twawasalimu kwa heshima, wengine wetu tukiwa ndani ya mtaro.

Barabara ilipotiwa lami tulishangilia. Lami haijapoa, wakaja watu wa maji na sululu. Wakafukia kwa mchanga, wakaja wa umeme. Kisha vijana wa intaneti na kebo yao. Kila ofisi ilifanya kazi yake vizuri, juu ya kazi ya mwenzake. Wa kebo walipopasua paipu, waliambiwa ramani ya mabomba iko ofisini, imefungiwa isipotee. Hatulalamiki. Maji yalitoka siku hiyo, jambo ambalo mifereji ya majumbani imelisahau.

Ushirikiano mnaujua, tumeuona kwenye mabango yenu: mwenye mradi, mhandisi mshauri, mkandarasi na mfadhili wamepangwa safu moja, hawagombani hata kidogo. Uingereza, mwaka 1994, Sir Michael Latham aliandika ripoti nzima kuwasihi wajenzi waache kuburutana mahakamani, wakae meza moja tangu mwanzo. Nyinyi mna bahati: mahakama iko jirani, hamtalipa hata nauli.

Mwendo mfupi kutoka hapa kuna ngome ya Fort Jesus. Wareno walioanza kuijenga 1593 hawakutujia kwa wema, lakini walikuwa na mchoro mmoja, wa Mtaliano Cairati, na kuta zake zingali zimesimama. Twaona haya kuwatolea mfano wa wavamizi, lakini mmetulazimisha. Na mwenye nyumba Mji wa Kale, uliotangazwa eneo la hifadhi, hagusi roshani yake bila kibali. Kibali chenu ni sululu.

Ombi letu si kubwa. Kabla ya lami nyingine, kutaneni uwanjani Makadara, pale wanasiasa wanapokuja kutuahidi barabara. Kila mmoja aje na ramani yake, zitandikwe pamoja. Mchimbe mara moja, mlaze kila chenu, mfukie mara moja. Nasi mtuite: wazee wa mtaa wajua paipu kuukuu zapita wapi, na hawadai posho ya kikao.

Kahawa chungu na kashata tutatoa sisi. Mje kwa miguu tu, kwani tuktuk hazipiti.

Wenu watiifu,
Wakazi wa Makadara, Mombasa