Bloku ya Gerezani

Nilipomwambia mama watoto kwamba Jumamosi naenda Gerezani kuleta bloku, alifurahi hata akaniongezea nyama kwenye sahani. Kiwanja chetu cha Chanika kina msingi tu, na msingi wenyewe umeota mchicha. Guta lilipoingia uani likiwa na kitu kimoja cheusi chenye matundu manne makubwa, alikitazama, akanitazama mimi, akarudi jikoni. Nyama sikuiona tena wiki hiyo.

Bloku ilikuwa ya Corolla yangu, injini ya 5A. Gari lilikuwa limeanza kula oili. Kila asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa bluu, majirani wanafunga madirisha, watoto wa mtaa wanakimbia nyuma yake wakidhani manispaa imekuja kupulizia mbu. Fundi akashusha injini, akasema ringi zimekwisha na silinda zimelika. Karakana ya Gerezani ikachonga silinda zote nne, tukanunua pistoni za saizi hamsini, yaani zilizozidi za kiwandani kwa nusu milimita. Pesa iliyobaki nilipoihesabu nikaona mahali pa kubana: kuosha bloku na kuipaka rangi nitafanya mwenyewe. Kuosha kitu kunamshinda nani?

Fundi hakubisha. "Poa bosi. Ila usitumie petroli. Petroli inatoa mafuta tu, unga wa chuma inauacha ukutani, na ukibaki huo, ringi mpya unazizika mwezi huu huu. Maji ya moto na sabuni. Pitisha brashi kila njia ya oili." Aliendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza rangi.

Vifaa nilivipata humo humo ndani: mswaki wa mtoto, brashi ya kuoshea chupa ya maziwa, na lile beseni kubwa ambalo mama watoto anakandia unga wa maandazi ya biashara. Nikasugua. Nikafuta silinda ya kwanza kwa fulana nyeupe, ikatoka kijivu. Nikaosha tena, kijivu. Mara ya tatu, kijivu. Kwa jicho silinda ilikuwa inang'aa kama sufuria la harusini, lakini fulana ilikataa kudanganywa. Mara ya sita ikatoka nyeupe. Nikaianika bloku juani kama tunavyoanika vyombo, nikaingia kula.

Niliporudi, silinda zimepakwa hina.

Chuma kilichotoka kuchongwa na kuoshwa kwa sabuni hakina hata tone la mafuta la kukikinga, na hewa yetu ya Dar haina subira. Nikampigia fundi. "Si nilikwambia ukishaosha unafuta, unapaka oili papo hapo, ndiyo ukanywe maji?" Kumbe hiyo ndiyo sehemu niliyoikosa. Bahati kutu ilikuwa changa, ikatoka kwa oili na kitambaa, pamoja na ngozi ya vidole viwili.

Sasa rangi. Najua injini za Chevrolet zilisifika kwa rangi ya chungwa, za Ford kwa bluu, na za Caterpillar kwa njano. Nikataka chungwa. Muuza duka akanipa kopo la rangi ya mafuta: "Hii watu wanapaka mageti, mzee. Haitoki." Injini inataka rangi yake inayostahimili moto, lakini neno "haitoki" lilinivuta. Nikabandika tepu ya karatasi kwenye silinda na pale juu panapokaa silinda hedi. Hilo moja nililipatia. Kwingine kote nikapaka, mara tatu, bila kuruka hata nukta.

Fundi alipoiona alinyamaza kidogo. "Bosi, namba ya injini iko wapi?" Ilikuwa chini ya chungwa. "Siku ya kuuza gari, mtu anakagua namba na kadi, utamwonyesha nini?" Tukaitafuta kwa thina na mswaki wa mtoto, ule ule.

Injini ikafungwa, ikarudi garini. Nikageuza ufunguo: kimya. Betri nzima, stata nzima. Fundi alihangaika hadi jua likazama, ndipo akakuta waya wa hasi umefungwa juu ya rangi yangu, tabaka tatu. Umeme haukupata njia. Akakwangua kiduara kama sarafu, akakaza bolti, injini ikawaka. Moshi wa bluu umekwisha kabisa! Upande wa ekzosi sasa ulitoka moshi mweupe, unanuka geti. Majirani wakafunga madirisha.

Nilimwita mama watoto aje aone. Akainama, akachungulia. Kwa mabomba, waya na altaneta, chungwa lilionekana kipande kimoja cha ukubwa wa kidole, tena kwa tochi.

"Na beseni langu?" akauliza.

Beseni jipya nililinunua Jumatatu. Fundi alinitoza pesa ya kukwangua rangi, juu ya ile ya kufunga injini. Rangi iliyobaki kwenye kopo jirani aliiomba akapaka geti lake, na mpaka leo haijatoka.