Shajara ya Nafsi Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza kuandika hadithi ya Regina. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi naisoma tangu nikiwa kidato cha pili, na kila nikiimaliza anayebaki kichwani si Rosa bali mama yake. Kitabu kilitoka mwaka 1971. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza Regina alikuwa akiwaza nini usiku mumewe Zakaria akiwa kwenye pombe. Naandika mwenyewe, kwa wahusika wa kuazima, kama wafanyavyo mashabiki wa vitabu kila mahali. Nimetumia nafsi ya tatu kwa sababu Kezilahabi naye aliitumia. Kurasa nne. Umeme umekatika saa tatu usiku, zimebaki tatu.

Jumanne, 4 Juni
Nimemsomea wifi yangu wakati anachambua dagaa. Nilipofika pale Regina na binti yake Flora wanapogombania barua, akanikatiza.
"Wifi, nani kalia?"
Nikarudia sentensi: "Alimwambia hakuwa na haki ya kuificha barua yake, akalia." Nani hana haki, barua ya nani, nani kalia, haisemi. Nyumba ya Regina imejaa wanawake, na Kiswahili kinawatia wote ndani ya herufi moja, a-. Hata angeingia mwanamume, a- hiyo hiyo ingemmeza. Mwandishi wa hadithi za upelelezi huishukuru sifa hii, maana muuaji anaweza kupita sura nzima bila kujulikana kama ni mwanamume au mwanamke. Mimi sina muuaji wa kumficha. Nikitaja jina kwenye kila kitenzi, ukurasa unakuwa daftari la mahudhurio.
Tukiwa bado tunabishana, paka akaondoka na fungu la dagaa.

Jumatano, 5 Juni
Nimeamua Regina ajisimulie. Yeye akiwa ni- na wengine wakibaki a-, ugomvi wa barua unaeleweka mara moja. Kompyuta ina njia ya kubadilisha neno moja kote kwa mpigo, nikaiagiza igeuze kila "ali" iwe "nili". Ilimaliza kabla sijanyanyua kidole.
Mwalimu amekuwa "mwnilimu". Mahali pamekuwa "mahnili". Hospitali, swali, asali na jua kali, vyote vimeharibika. Lakini hayo yanasahihishika. Kilichoniumiza ni sentensi hii: "Zakaria nilirudi usiku, akampiga." Mashine haijui a- ipi ni ya nani. Imemfanya Zakaria kuwa ndiye mimi, na mimi nikabaki kuwa yule anayepigwa bila jina. Nimeiangalia muda mrefu kabla ya kuifuta.

Alhamisi, 6 Juni
Kurasa kumi na nne kwa mkono. Kubadilisha nafsi si kubadilisha kiambishi tu. Niliandika mwanzoni kwamba Regina alikaa mlangoni, uso umemkunjamana. Sasa anajisimulia, na hakuna mtu anayeuona uso wake mwenyewe akiwa amekaa gizani. Nimeufuta uso. Nimeweka mkono wake unaobandua udongo wa ukuta. Nadhani mkono umesema zaidi. Vivyo hivyo nimefuta "Zakaria alijuta moyoni", kwa kuwa moyo wa Zakaria haumo mikononi mwa Regina. Yeye anasikia hatua zake tu, na mlango.
Nimemaliza saa saba usiku. Mtoto amechelewa shule.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepeleka kurasa kwenye kibanda cha kuchapa. Kijana akasoma zikiwa zinatoka mashineni. Alipomaliza alikataa hela, akasema, "Pole sana, dada," akaandika nyuma ya risiti mahali lilipo dawati la jinsia polisi. Nilimweleza kuwa ni hadithi. Akaitikia kwa kichwa namna ya mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo na wengi. Nimeitunza ile risiti. Ni kijana mwema.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe ameitisha kikao. Aliziona kurasa juu ya kabati jana jioni alipokuja kuleta viazi. Amekuja na shemeji mkubwa na shangazi. Mume wangu, ambaye hanywi hata togwa, aliketishwa katikati.
"Mkwe wangu," mama akasema, "mwanangu anakupiga?"
"Hapana, mama. Huyo ni Regina."
"Regina yupi?"
"Wa kwenye kitabu."
"Mbona amesema mimi?"
Sikuwa na jibu la haraka. Kwetu anayesema mimi anatoa ushahidi, na anayesikiliza anawajibika. Nilipokuwa shule mwalimu wetu alisisitiza kila kipindi cha Kichwamaji, kitabu cha Kezilahabi cha mwaka 1974, kwamba Kazimoto anajisimulia lakini Kazimoto si Kezilahabi. Sikuelewa kwa nini anarudia. Leo nimeelewa.
Nilimsomea mama kurasa zote tangu mwanzo. Mwishoni alinyamaza, kisha akasema Regina huyo anamjua, aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Viazi vimeungua.

Jumanne, 11 Juni
Shida mpya. Rosa anaondoka nyumbani kwenda masomoni, na mengi yanayomharibia maisha yanatokea huko. Regina hayuko huko. Nimejaribu kumrudisha msimulizi maizi, yule anayejua yote. Sauti yake imemfunika mama kabisa. Nimejaribu nafsi ya pili, "unaingia, unaketi, unalia". Inasikika kama mtu anayesomewa mashtaka, na Regina hana kosa.
Nimemkumbuka Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica. Katika Jane Eyre, riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1847, kuna mke aliyefungiwa darini ambaye hapewi nafasi ya kusema. Rhys alimwandikia riwaya yake, Wide Sargasso Sea, mwaka 1966. Mke anaanza kusimulia, kisha sehemu kubwa ya katikati anapewa mume. Nilifikiri nami nimpe Zakaria sehemu. Nimeandika aya mbili kwa sauti yake, na akaanza kujitetea vizuri mno. Nimezifungia kwenye droo. Ufunguo umeanguka nyuma ya kabati.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeamua. Regina atabaki na ni- yake, na asichokijua hakitaandikwa. Kwa siku tatu nilikuwa naziba tundu ambalo ndilo hadithi yenyewe. Mama huyu anampenda bintiye, na ni wa mwisho kupata habari zake. Atapata barua fupi. Atapata maneno ya watu wanaoshuka bandarini, wanaomwamkia kisha wanatazama pembeni. Kezilahabi ameshatuonyesha yaliyompata Rosa, na msomaji atakuja nayo kutoka kwenye kitabu hicho. Atamsikiliza Regina akisema mwanangu hajambo, na atajua.
Sura ya kwanza imefika kurasa kumi na moja. Rosa anapanda meli kwenye ukurasa wa sita, na baada ya hapo haonekani tena.