Mpige Bibi Picha Kabla Hajabadilisha Kanga

Kwanza kabisa, usitangaze. Ukishasema tu "Bibi, nataka nikupige picha," umeharibu. Ataingia chumbani, atakaa huko nusu saa, atatoka na gauni la Idi na wanja machoni, kisha ataketi wima kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, kama anayesubiri kuapishwa. Utapata picha safi ya mgeni. Bibi yako mwenyewe alikuwa uani muda mfupi uliopita, amekalia mbuzi, anakuna nazi huku akigombana na kuku.

Huyo wa uani ndiye tunayemtaka. Bibi yangu alikuna nazi Tanga kwa zaidi ya miaka 50, na ukoo mzima hatuna hata picha moja ya kazi hiyo. Alipofariki tulipekua masanduku yote. Tulipata picha ya harusi ambayo amezibwa na bega la mtu, na picha ya kitambulisho. Tukaikuza ile ya kitambulisho, na ndiyo iliyopo ukutani mpaka leo. Wajukuu waliozaliwa baadaye wanaamini bibi alikuwa mkali. Hakuwa mkali hata kidogo. Siku ile aliambiwa asicheke.

Zamani ubahili wa picha ulikuwa na sababu. Filamu moja ilitoa picha 24 au 36, na kuisafisha kulihitaji pesa, kwa hiyo ilitunzwa kwa ajili ya harusi, mahafali na sikukuu. Sasa simu inabeba maelfu ya picha, lakini tabia haijabadilika: keki zinazokatwa ukumbini zimo kwa mamia, sufuria iliyotulea haimo.

Pili, usipange vitu. Mama akikimbilia kuondoa ndoo "isionekane kwenye picha," irudishe. Kalenda ya duka iliyopo ukutani itakutajia mwaka hata wewe ukiusahau. Maandishi ya kanga aliyovaa shangazi yatakukumbusha msimu ule alikuwa hasemeshani na jirani gani. Kochi lenye vitambaa vya kufuma, redio iliyofungwa mpira, chandarua kilichoviringishwa juu ya kitanda, vyote hivyo ni ndugu zako. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, aliwapiga picha masultani, na pia akatoka na kamera yake kwenda mitaani na bandarini. Mwanawe Rohit aliitunza kazi hiyo. Mimi huwa napita haraka mbele ya picha za masultani. Naganda kwenye zile za mitaani, nikitafuta nani kashika nini.

Tatu, mnyang'anye simu mpiga picha. Kila ukoo unaye, aghalabu ni mama au dada mkubwa, na kwa sababu yeye ndiye anayepiga, hayumo popote. Miaka 20 ya sikukuu, na yeye ni kivuli kilichoanguka sakafuni. Mpe mtoto simu. Mtoto atapiga picha za meza kwa chini, miguu ya babu na ndala zake. Usizifute hizo, hakuna mtu mzima anayeiona nyumba kutoka urefu ule.

Ukishapiga, mwonyeshe mwenye sura yake. Akisema futa, futa, hata kama roho inakuuma.

Sasa kutunza, na hapa naomba unisikilize vizuri. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, basi zile za thamani zitume kama faili, na uziweke mahali pengine mbali na simu, maana simu huanguka kisimani na huibiwa daladalani. Kila mwaka chagua 20, uzichape kwenye karatasi. Epuka albamu zenye kurasa za gundi. Gundi ile hugeuka njano, na picha hukataa kubanduka. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, bila kukandamiza.

Andika nini? Jina kamili, mahali, mwaka. Usiandike "Mama Mkubwa." Mama mkubwa wako ni bibi kwa wanao, ni shangazi kwa watoto wa mjomba wako, na miaka 40 ijayo hatakuwa yeyote. Usiandike "Mjomba" wakati wajomba wapo sita. Wazee wakae chini na albamu za zamani, na kila jina watakalolitaja liandikwe siku hiyohiyo. Kwetu tulichelewa, tuna bahasha nzima ya watu nadhifu, wenye kofia na mabuibui, wasio na majina.

Jioni hii, jua likishalainika, zima flashi na utoke uani. Kama bado unaye bibi, yuko huko na nazi yake. Mpige picha, kisha weka simu chini umsaidie kukuna.